Kigingi Kilichohama

Kila asubuhi, kabla watu wa mtaa wa Mwakingali hawajaanza kwenda kazini, Tracy alikuwa ameshawasha jiko la makaa na kukanda unga. Mama yake, Risper, alikaanga mahamri katika kibanda kidogo kando ya barabara. Wateja walikunywa chai wakiwa wamesimama, Tracy akisuuza vikombe. Kazi ikipungua, alivaa sare yake ya Gredi ya Saba na kukimbilia shule.

Barabara hiyo ilikuwa vumbi jekundu wakati wa kiangazi na tope tupu wakati wa mvua. Masika yaliyopita maji yaliingia majumbani hadi magodoro yakaanikwa nje siku kadhaa. Kwa hivyo mpango wa serikali wa kuboresha miji ulipofika Voi, wakazi walifurahi. Mtaa wao ungepata mtaro mkubwa, barabara ya lami na taa. Mkutano uliitishwa ili watu waelezwe, lakini Mama Tracy hakwenda. Siku hiyo alikuwa na oda ya mahamri ya harusi.

Baadaye wapima ardhi walikuja na mashine yao ya miguu mitatu. Walipigilia vigingi vyenye vichwa vyekundu kuonyesha mahali mtaro ungepita. Kimoja kilisimama katikati ya kibanda, hatua moja tu kutoka kwenye jiko.

“Mama, watakivunja kibanda chetu?” Tracy aliuliza.

“Wakishapima wamepima, mwanangu,” Mama alijibu kwa sauti ya chini. “Tutajua la kufanya.”

Hata hivyo, jioni hiyo Mama hakuugusa ugali wake. Tracy alimtazama akaumia moyoni. Kesho yake, Mama alipokwenda dukani kununua unga, Tracy alikitikisa kile kigingi hadi kikang’oka. Akakipeleka nyuma ya kibanda na kukipigilia kwa jiwe kwenye kona ya boma la jirani yao, Mama Ngui. Hapo palikuwa na banda la kuku tu, alijiambia. Bila shaka mafundi wangelikwepa, na Mama angedhani wapima ndio waliokihamisha kigingi.

Mafundi hawakulikwepa. Siku chache baadaye, Tracy na rafiki yake Shanice walipokuwa wakirudi kutoka shuleni, walisikia ngurumo ya mashine ya kuchimba. Banda la kuku lilikuwa limelala chini, mabati huku, mbao kule. Kuku walikuwa wametawanyika hadi barabarani. Mama Ngui alikuwa amesimama mbele ya jiko lake, mlangoni kabisa, mikono ameitandaza.

“Injinia wa mradi aliniambia kwa mdomo wake kwamba boma langu haliguswi!” alilia. “Leo mwabomoa banda, na sasa mwataka jiko! Mimi nitapikia wapi?”

“Mama, mimi nafuata vigingi,” alisema msimamizi wa mafundi. “Tafadhali toa vyombo vyako.”

Tracy alilitazama jiko. Mwaka ambao Mama alilazwa hospitalini, ni katika jiko hilohilo alikokula chakula cha kila siku.

“Ni mimi,” alimnong’oneza Shanice. “Mimi ndiye niliyekihamisha kigingi.”

Shanice alitoa macho. “Weh! Nyamaza tu, Tracy. Hakuna aliyekuona.”

Ni kweli, hakuna aliyemwona. Lakini meno ya mashine yalikuwa yameinuka, na Mama Ngui alikuwa ameanza kutoa sufuria zake moja moja, machozi yakimtiririka. Tracy aliutupa mkoba wake chini, akakimbia.

“Simameni! Kigingi hicho hakikuwa hapo! Kilikuwa kibandani kwetu. Nilikihamisha mimi!”

Mashine ilizimwa. Watu wote wakamgeukia, Mama yake akiwa miongoni mwao, mwiko mkononi. Tracy alitamani ardhi immeze, lakini alisimama papo hapo akilia.

Injinia Obadiah, msimamizi wa mradi, alipigiwa simu akaja. Alimsikiliza Tracy hadi mwisho, kisha akachuchumaa na kuchora mstari mchangani kwa kijiti.

“Maji hufuata mteremko,” alisema. “Tungepinda mtaro hapa, mvua ya kwanza ingefurika kwenye kona hii. Jiko la Mama Ngui lingekwenda, halafu nyumba yenu ingefuata.”

Mama Tracy alisogea mbele, uso ameuinamisha. “Mtoto amekosa, Injinia, nami naomba radhi. Aliogopa kwa sababu hata mimi niliogopa. Kibanda ndicho kinachotulisha.”

“Lakini wenye vibanda wote njiani mwa mtaro wametengewa nafasi kwenye soko jipya,” Injinia alisema kwa mshangao. “Tulitangaza mkutanoni. Hukuambiwa?”

“Sikwenda,” Mama alijibu polepole. “Wala sikuuliza.”

Wapima walirudi, wakakirudisha kigingi mahali pake. Kesho yake Mama alikwenda ofisi ya manispaa, akaonyeshwa nafasi yake sokoni. Ilikuwa ndogo kuliko ya zamani, lakini ilikuwa na paa na maji ya mfereji.

Jumamosi Tracy hakwenda kucheza. Yeye na Mama walijenga upya banda la kuku. Alichomwa na misumari na mabati yakamkwaruza, lakini hakulalamika. Mama Ngui aliwaletea uji, akaketi juu ya ndoo iliyofunikwa.

“Bado umenikasirikia?” Tracy aliuliza bila kumtazama.

“Nilikasirika sana,” Mama Ngui alisema. “Kuku wangu wawili hawajaonekana hadi leo. Lakini ulisema kweli ukijua utaaibika mbele ya mtaa mzima. Hilo si jambo dogo.”

Alimpa kikombe cha uji.

“Sikiliza, mwanangu. Ungenijia ukaniambia mna shida, ningewasindikiza kwa Injinia siku hiyohiyo. Shida yako ukiisukumia kwa jirani haijaisha, imehama nyumba tu. Siku nyingine ukiogopa, uliza kwanza. Na ukikosea, sema mapema, kabla mwingine hajabomolewa.”

“Nimesikia, Mama Ngui,” Tracy alijibu. Akanywa uji wake, kisha akashika nyundo.