Ukungu Uitwao Mrithi

Alikwisha kuvua viatu, akajitupa kwenye kochi, akapiga mwayo wa mtu aliyeitumikia siku yake vizuri, na kusema kwa sauti ya enzi, "Haya mke wangu, chai iko wapi, au leo tunapanga foleni?" ndipo alipoona kwamba mwanamke aliyesimama mbele yake na mwiko mkononi hakuwa mke wake.

Alikuwa mke wa jirani.

"Shemeji," yule mwanamke alisema taratibu, "viatu vyako viko juu ya kitambaa cha bibi harusi."

Kweli, vilikuwa pale, na matope yake. Mume wa mwanamke yule alikuwa fundi cherehani, na nusu ya sebule ilikuwa nguo za watu. Nahodha, kama mtaa ulivyomwita, aliviokota, akavikumbatia kifuani kama mwizi wa kuku, akatafuta pa kuficha uso asipaone. Unahodha wenyewe ulikuwa wa kutaniwa tu. Miaka ishirini na miwili melini hakugusa usukani hata mara moja; kazi yake ilikuwa kumenya viazi na kusugua masufuria. Lakini alizivuka bahari zote, na alipenda kulisema hilo kabla hajaulizwa. Sasa alistaafu mawimbi, akawa anashona majaketi ya kujiokolea ya abiria katika karakana ya kivuko, hatua mia mbili kutoka mlangoni kwake. Na katika hizo hatua mia mbili, saa kumi ya alasiri, alikuwa amepotea.

"Ukungu," alijitetea. "Kwangu ni mlango wa nne toka kona. Nimehesabu minne kwa mkono, nikipapasa ukuta."

"Huu ni wa tatu."

"Basi mmoja umeongezeka. Wa kwanza ulikuwa wa baridi sana, umelowa kama ulimi."

Cherehani ilinyamaza. Fundi, aliyekuwa akicheka peke yake kule pembeni, hakucheka tena.

"Pale konani ni ukuta mtupu, Nahodha," alisema. "Umegusa nini?"

Watu wa mtaa ule waliupa ukungu majina kama wengine wanavyowapa ng'ombe. Ule mwembamba wa asubuhi, unaochanwa na jua la kwanza, ni Utaji. Unaolala juu ya maji na kuona uvivu wa kupanda nchi kavu ni Mzembe. Unaoingia ndani bila hodi, ukakaa, na hakuna anayethubutu kuuambia uondoke, huo ni Mkwe. Nahodha aliyacheka yote. "Ukungu ni maji," alizoea kusema. "Nimeuona katika bandari arobaini, na hakuna mahali ulipokuwa na cheti cha kuzaliwa."

Jina la nne halikutajwa hovyo. Ulipokuja ule, wanawake walianua nguo na kufunga madirisha, na wanaume waliokuwa njiani walisimama papo hapo, mkono ukutani, hawaingii mlango wowote mpaka ukungu uondoke. Huo ni Mrithi. Na leo Nahodha alikuwa amewapita wanaume sita waliosimama hivyo, akawauliza kama wanangoja kupigwa picha.

"Ukiingia mlango usio wako ndani ya Mrithi," Fundi alinong'ona, "wako unabaki wazi. Kuna anayeingia."

"Nani?"

"Wewe."

Nahodha alifungua kinywa ili atanie. Toka upande wa pili wa ukuta, nyumbani kwake, kikasikika kikohozi: kikavu, mara mbili, kisha mguno mdogo wa kujihurumia. Kilikuwa kikohozi chake. Moshi wa majiko ya meli ulimpa kikohozi kile, na hakuna mwingine duniani aliyekuwa nacho.

"Mungu wangu," mke wa Fundi alisema, akauweka mwiko chini.

"Nisikilize," Fundi alimshika bega. "Aliyempokea ndiye awezaye kumfukuza. Mkeo amwambie atoke, mara moja tu inatosha, ila iwe kabla ukungu haujaondoka. Ukiondoka naye bado yumo, basi ndiye mwenye nyumba."

"Na mimi?"

Fundi alitazama sindano yake. "Wewe utaondoka na ukungu."

Nahodha alitoka bila kuvaa viatu. Nje hapakuwa na mtaa. Palikuwa na weupe tu, mzito, unaomwingia mdomoni kama pamba mbichi, na ndani yake harufu aliyoijua tangu ujana, harufu ya mnyororo wa nanga unapovutwa juu na matope ya chini kabisa ambako hakuna samaki. Alipapasa ukuta mpaka kwake. Mlango ulikuwa umekomewa kwa ndani. Akajongea dirishani, akatia jicho kwenye ufa wa mbao.

Mtu aliyekaa kwenye kiti chake alikuwa na fulana yake, upara wake, na kovu la mafuta ya moto kwenye kiwiko chake. Maji yalimtiririka toka kisigino, polepole, na sakafu iliyanywa yasionekane. Alishika kikombe karibu na uso, na mvuke wa chai ulimwendea puani, ukaingia, ukaingia, wala hakupumua hata mara moja kuurudisha.

Na mkewe alikuwa akizungumza.

Alizungumza kama mtu aliyefungua bomba lililoziba, habari za mwaka ule binti yao aliposhikwa na homa na paa la jikoni likang'oka usiku huohuo, jinsi alivyomfunga mtoto mgongoni kwa shuka na kutembea ndani ya ukungu mpaka zahanati, na zahanati imefungwa, na jinsi alivyokaa kwenye ngazi zake akimwimbia mtoto mpaka asubuhi kwa sababu aliogopa kwamba akinyamaza ataisikia pumzi ya mtoto ikikatika, na yule aliyekuwa kitini alitikisa kichwa taratibu na kusema kwa sauti ya Nahodha, laini kuliko Nahodha alivyowahi kuitumia, "Enhe. Kisha?"

Nahodha hakuwa na habari hata moja ya hizo. Mwaka ule alirudi na zawadi, akasimulia wiki tatu mfululizo juu ya bandari na wapishi wenzake, watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Hakukumbuka kumwuliza mkewe kitu.

Aligonga dirisha.

"Nani?"

"Mimi, mumeo."

"Mume wangu yupo, anakunywa chai."

"Ndiyo maana nimeshtuka!" Alijaribu kucheka. "Miaka thelathini sijaletewa chai upesi hivyo. Mwambie atoke, mama watoto, anakuharibia sifa."

Ndani, kile kikombe kiliwekwa mezani bila mlio.

Nyuma yake weupe ulianza kulegea. Aliona nguzo ya taa, halafu kamba ya nguo, halafu wale wanaume sita ukutani, mmoja baada ya mwingine, wakishusha mikono na kujinyoosha migongo. Akawapungia. Mmoja alimtazama, macho yakampita moja kwa moja mpaka ukutani, kama mtu anayetazama kioo safi, na Nahodha aliposhusha macho kwenye mkono wake uliokuwa juu ya dirisha aliona mistari ya mbao, na vichwa vya misumari, na nzi aliyekufa kwenye ufa, vyote vikionekana kupitia kiganja chake, na baridi ile ya matope ya chini ikampanda toka kwenye nyayo mpaka magotini, tamu kama usingizi, ikimwita arudi baharini ambako ndiko alikoishi siku zote.

"Mke wangu!" alilia, na sauti ilitoka ndogo, ya mbali, kama ya mtu aliye ng'ambo. "Nilikosa! Nilikuacha peke yako, na niliporudi nikakujazia kelele. Nitakaa nikusikilize mpaka nife. Mwambie atoke, neno moja tu! Huyo si mimi. Tazama miguu yake, tazama maji! Huyo ni jini!"

Mkewe aliinuka. Alikuja mpaka dirishani, akalifungua, akamtazama Nahodha machoni. Yeye peke yake katika mtaa mzima ndiye aliyekuwa bado anamwona. Uso wake haukuwa na hasira. Nyuma yake, kitini, yule mwingine alikuwa amegeuza kichwa, anasubiri kwa adabu hadithi iendelee.

"Najua," alisema. "Usitupigie kelele, tunazungumza."