Vipimo vya Siku Tatu za Matanga

Ngahuia hakuwa na darubini. Hakuwa na kompyuta ya kuchorea grafu, wala baba mhandisi kama wa Tamati, mwanafunzi mwenzake, wala buti zisizovuja. Alikuwa na bomba la plastiki angavu lenye doa jeusi kwenye kitako, rula, na daftari la kurasa thelathini. Na katika daftari hilo hakuwa na vipimo vya siku tatu, ingawa kila ukurasa ulikuwa umejaa.

Kila asubuhi saa moja, kabla ya basi la shule, alishuka kijitoni nyuma ya nyumba ya bibi yake, mjini Waikorari. Alichota maji palipozungushiwa uzio, kisha pale ng'ombe walipokanyaga. Aliyamimina bombani mpaka doa jeusi lisionekane, akaandika sentimita: zikiwa nyingi, maji ni safi. Alitaka kujua kama uzio unasafisha maji kweli.

Siku ya kumi na saba, Babu Hohepa, ndugu wa bibi yake, alifariki. Ukoo mzima ulihamia marae, kwenye ua wao wa matanga, ukakaa na marehemu siku tatu, kwa maana kwao maiti haachwi peke yake. Mvua haikukatika. Ngahuia alimenya viazi vitamu jikoni na Shangazi Mereana mpaka vidole vikakunjamana. Aliporudi nyumbani alizikuta kurasa tatu tupu. Akaona aibu, akazijaza: 61, 62, 60 penye uzio, na 31, 30, 32 penye ng'ombe.

Shuleni daftari lilisifiwa, na Ngahuia akachaguliwa kwenda kwenye maonyesho ya sayansi ya mkoa. Maonyesho hayo yalianza zamani, kabla mama yake hajazaliwa, kwa meza tisa ndani ya ghala la manyoya ya kondoo. Sasa yalijaza ukumbi mzima, lakini ubao wa siku ile ya kwanza ulikuwa bado ukutani: ANDIKA ULICHOKIONA. Wazazi hubaki nje. Mtoto husimama mezani pake, haondoki mpaka jaji apite.

"Bado una maji yako ya ng'ombe?" Tamati aliuliza kutoka meza ya pili, palipopangwa mikate kumi na miwili yenye ukungu.

"Angalau hayanuki kama chakula chako cha mchana."

Tamati alicheka. Ngahuia naye alitaka kucheka, ila alimwona Shangazi Mereana akija na beji ya jaji kifuani.

"Shangazi? Kumbe na wewe ni jaji?"

"Mwaka wa kumi huu. Usinisalimie kwa kugusanisha pua hapa, watasema umenihonga."

Alilichukua daftari, akafunua. Kidole chake kikasimama kwenye ukurasa wa kumi na nane. Akaitazama tarehe, kisha akavitazama vidole vya Ngahuia, vile vilivyomenya viazi naye siku hiyo. Akalifunga.

"Jaji hampimi mtoto wa ndugu yake," alisema taratibu. "Ndiyo kanuni. Nitamwita mwenzangu."

Mwenzake alikuwa Bwana Fraser, daktari mstaafu wa mifugo. Alisoma kwa furaha. "Siku thelathini, binti. Hukukosa hata moja?"

Mlango ulikuwa mbali, na Shangazi alikuwa meza ya tatu, amewapa mgongo.

"Hata moja," Ngahuia alijibu.

Jioni alivishwa medali, Tamati akawa wa pili. Yeye ndiye angeuwakilisha mkoa kwenye maonyesho ya taifa, jijini Wellington, na daftari lilitakiwa kutumwa kabla ya Ijumaa.

Bibi aliitundika medali juu ya friji, akamwonyesha kila mgeni, hata msoma mita. Ngahuia alijiona kama samaki mkunga aliyeingia kwenye mgono, mtego wa samaki: kuingia rahisi, lakini kila akigeuka miiba ya mlangoni inamchoma. Kila pongezi iliukaza mgono. Shangazi alikuja mara mbili kunywa chai, akazungumzia kondoo tu.

Alhamisi Ngahuia alimfuata nyumbani kwake, daftari na medali vikiwa mkobani.

"Kwa nini hukusema, Shangazi?"

"Nilimngoja mwenye daftari aseme."

Machozi yakamtoka. "Niliona aibu kuacha kurasa tupu."

"Aibu ya nini? Ungeandika, 'Nilikuwa matangani.' Jaji gani wa huku asingeelewa? Na mvua ile, tulichimba kaburi kwenye tope. Kijito kilikuwa kama kakao, wewe umeandika maji safi. Mkulima akikusadiki, atawaacha wanawe wanywe maji hayo siku ya mafuriko." Akamsogezea leso. "Ukurasa mtupu ni ukweli, mwanangu. Sayansi inaweza kuuvumilia. Isichoweza kuvumilia ni namba ya kubuni, kwa sababu watu wataiegemea."

"Tamati ndiye atakwenda Wellington. Atanicheka mpaka Krismasi."

"Atacheka, kisha atachoka. Na vipimo vyako vya siku ishirini na saba vitabaki kuwa vya kweli."

Ngahuia aliomba kalamu. Alizikata namba za siku zile tatu kwa mstari mmoja mmoja, zibaki kusomeka, akaandika kando: Sikupima. Nilikuwa matangani kwa Babu Hohepa. Kisha akaandika barua:

"Kwa Bwana Fraser na kamati. Nilisema sikukosa hata siku moja. Nilikosa tatu, nikabuni namba. Narudisha medali. Naomba daftari lisomwe upya, na mwenye haki ya kwenda apelekwe."

Alisoma mara mbili. Akatia barua, daftari na medali katika bahasha nene, akalamba gundi, akaibana kwa kiganja. Kwenye sanduku la posta mbele ya duka aliishikilia kidogo. Kisha akaisukuma, akasikia uzito wake ukitua chini.