Mkono Ulio Nyuma ya Mgongo

Kila siku akitoka shuleni, Chapuchapu alikuwa na kazi moja kabla ya kwenda kucheza. Alivua viatu mlangoni, akanawa mikono, akaenda uani alikokaa babu yake. Alichukua mpira wa sponji uliokuwa dirishani na kumwekea Babu katika kiganja cha kulia. Babu alitakiwa kuubana na kuuachia, kuubana na kuuachia, huku mjukuu akihesabu. Haikuwa kazi ndefu. Ingeisha kabla chai ya moto haijapoa.

Jina la Chapuchapu hakupewa na wazazi. Alipewa na Babu, kwa sababu akitumwa chumvi alirudi kabla hujafunga mdomo, ila mara nyingi alirudi na sukari.

Babu alikuwa mwoka mikate. Chumba cha tanuri kilikuwa palepale, upande wa pili wa ua, na mtaa mzima ulikuwa ukiamshwa na harufu ya mikate yake. Kisha akapatwa na kiharusi. Mungu alimrudishia ulimi na miguu, lakini mkono wa kulia ulibaki umelala pajani kama mgeni asiyesema ataondoka lini. Mama yake Chapuchapu alijaribu kuoka badala yake. Mikate ikatoka migumu. "Dada, huu ni wa kula au wa kujengea?" jirani mmoja alimuuliza. Wateja wakapungua, tanuri likapoa, na Mama akaenda kufanya kazi ya kufua mashuka hospitalini.

"Bana, Babu," alisema Chapuchapu siku moja.

"Nimebana."

"Hujabana!"

"Basi mpira wako ni mkaidi. Mtu nimekanda magunia kwa magunia ya unga, leo napewa kichezeo cha mtoto mchanga!" Babu akauacha mpira ubingirike chini.

Nje ya ukuta wenzake waliita, "Chapuchapu! Kamba inakungoja wewe!"

Babu akamkonyeza. "Nenda ukaruke. Mama yako akiuliza, tumefanya."

Jioni Mama alirudi, nguo zake zikinukia sabuni. "Mazoezi mmefanya?"

"Tumefanya, Mama. Mpira wenyewe umeomba msamaha!"

Mama akacheka. Babu akatazama ukuta. Siku hiyo ya kwanza uongo ulimkwama Chapuchapu kooni kama tonge kavu. Siku zilizofuata uliteremka kama maji.

Ikafika siku ya kliniki. Daktari wa mazoezi, dada mmoja mpole mwenye miwani, aliushika mkono wa Babu na kuvikunja vidole kimoja baada ya kingine.

"Mnafanya kila siku?"

"Kila siku," alijibu Mama kwa fahari. "Msimamizi ni huyu binti yangu."

Yule dada aliurudisha mkono pajani pa Babu. "Kama ni kila siku na mkono bado uko hivi, basi huenda hapa ndipo mwisho wake. Sipendi kuwadanganya."

Walipofika nyumbani alimvutia Babu kiti, akasema, "Baba, fundi wa kuchomelea vyuma anakitaka chumba cha tanuri. Atalivunja tanuri apate nafasi. Nilikuwa namzungusha nikisubiri mkono wako. Sasa nitamwambia aje Jumamosi akipime."

"Sawa, mwanangu," alisema Babu.

Chapuchapu aliyasikia yote. Angesema ukweli, tanuri lingepona. Lakini Mama angemtazamaje? Na Babu angeificha wapi aibu yake? Akanyamaza. Usiku alimwomba Mungu ampe fundi safari ya mbali.

Jumamosi fundi alikuwa bado hajafika, na wote watatu wakaanza kuondoa vitu chumbani. Mama alitoka na masinia. Chapuchapu alilivuta kando pipa la unga, na nyuma yake akakuta fremu iliyoegemezwa ukutani, kioo chake kimeganda unga wa miaka. Akaifuta kwa upindo wa gauni.

Ilikuwa picha isiyo na rangi. Mtoto wa kiume alisimama juu ya kreti mbele ya meza ya kukandia, meza ileile iliyokuwa mbele yao. Alikuwa na unga puani. Mkono wake wa kulia ulizama katika donge hadi kifundo, na uso wake ulikunjamana kama aliyelamba ndimu.

"Babu, huyu nani?"

Babu aliipokea kwa mkono wa kushoto, akaisogeza kwenye mwanga wa mlango. Alitazama muda mrefu. Pua yake ikatanuka kidogo.

"Nasikia harufu ya hamira," alisema polepole, ingawa chumba kile hakikuwa kimeona hamira kwa miezi mingi. "Huyu ni mimi."

"Mbona una mkono mmoja tu?"

Hapo Babu akacheka, kicheko cha tumboni ambacho Chapuchapu alikuwa amekisahau. "Wa pili uko nyuma ya mgongo! Mama yangu aliufunga kwa kamba ya aproni. Nilianguka kutoka juu ya ukuta nikavunjika kiwiko cha kulia. Mfupa ukaunga, lakini mkono ukawa mvivu, kila kitu nafanya kwa kushoto. Basi Mama akaufunga huu wa kushoto, akasema aliyelala huamshwa kwa kazi. Mpiga picha alikuja kupiga picha ya duka, akanikuta nalia."

"Ulikubali tu?"

"Thubutu! Alipokwenda kuchochea moto nilichomoa huu wa kushoto, nikakanda chapuchapu kama wewe, nikaurudisha kwenye kamba. Akaja akaniuliza, 'Umekanda kwa mkono wa kulia?' Nikasema, 'Ndiyo, Mama.' Akalitazama donge. Alama za vidole vyangu zilikuwa zimebaki juu yake, na dole gumba lilikuwa upande usio wake!"

"Akakupiga?"

"Hakunigusa. Alisema, 'Mwanangu, usidhani umenidanganya mimi. Uliyemdanganya ni mkono wako.'"

Babu alifika hapo akaishusha picha. Kicheko kilimtoka usoni. Macho yake yakashuka pajani, kwenye mkono uliolala.

Mama alikuwa amesimama mlangoni na ufagio.

"Mama," alisema Chapuchapu, na machozi yakamtangulia. "Hatukuwa tunafanya mazoezi. Nilikuwa nakwenda kuruka kamba. Nilikuwa nasema uongo."

Mama akakaa juu ya kreti. "Kila jioni nakuuliza, unanijibu, mimi nalala nimetulia. Kumbe nataka kubomoa tanuri la baba yangu kwa uongo?"

"Usimlaumu peke yake," alisema Babu. "Mimi ndiye niliyemkonyeza. Niliona aibu mtoto kuuona mkono unavyoshindwa na sponji. Mtu mzima nimemfundisha mtoto uongo. Mungu anisamehe, nanyi mnisamehe."

Wakasikia hodi. Fundi aliingia na utepe wake wa kupimia, akatazama nyuso tatu zilizolowa. "Jamani, nimekuja kupima chumba au nimeingia msibani?"

"Fundi, utuwie radhi," alisema Mama, akijifuta kwa kanga. "Chumba bado kina mwenyewe."

"Kama ni hivyo, nitasubiri mkate," alisema fundi, akauviringisha utepe. "Lakini ule wako wa tofali hapana, Mama."

Walirudi kliniki wakamweleza daktari ukweli wote, wakamwonyesha na picha. Hakuwagombeza. "Kukanda donge ni zoezi zuri," alisema. "Mkono wa kushoto ulio mzima msiufunge, utiwe tu mfukoni mwa aproni, na akichoka apumzike. Siahidi muujiza. Tuanze upya, safari hii kwa kweli."

Wiki za mwanzo vidole vya Babu vililala tu juu ya donge. Chapuchapu alikalia kreti akihesabu, hata kamba ilipomwita nje. Jioni moja Mama alipouliza, alijibu, "Leo hatukufanya vizuri, Mama. Babu alichoka mapema, na mimi nilimharakisha."

Mama akamvuta karibu. "Jibu hilo limenifurahisha kuliko yale yote ya mpira kuomba msamaha. Ukiniambia ukweli, hata ukiwa mbaya, najua pa kuanzia kesho. Ukinidanganya, nasaidia ugonjwa badala ya mgonjwa."

Mvua zilikuja zikaisha. Asubuhi moja Babu aliinua kiganja chake cha kulia kutoka kwenye donge na kuita, "Chapuchapu, njoo ukague!"

Chapuchapu aliinama. Kulikuwa na mashimo ya vidole, madogo na ya kupinda. Dole gumba lilikuwa upande wake.

Mkate wa kwanza ulitoka umeinama kama mzee anayesinzia, lakini ulikuwa laini. Walimpelekea fundi ukiwa moto.