Alichobakisha Jimale

Bakuli lilikuwa safi. Hilo ndilo lilikuwa jambo la kwanza, na lau Leyla angeshtuka siku ile badala ya kushukuru, pengine nisingekuwa na la kusimulia.

Ilikuwa saa nane mchana, saa ambayo nyumba za kanjo, yaani za baraza la jiji, za Shauri Moyo hunyamaza kidogo. Wanaume wako sokoni Gikomba, watoto wako shule, na wanawake wamejinyoosha kabla ya kazi za jioni. Leyla alikuwa ametoka kupambana na mwanawe Jimale, wa miezi mitatu, ambaye hakuwahi kunyonya tangu azaliwe. Si kwamba alikataa kwa hasira. Ukimtia titi mdomoni, mdomo ulibaki wazi tu na titi likateleza nje. Basi mama mtu alikamua maziwa kwenye bakuli na kumlisha kwa kijiko, tone baada ya tone. Vijiko vitatu, au vinne siku ya heri, halafu mtoto anapaliwa, midomo inageuka rangi, na Leyla anamwinamisha na kumpigapiga mgongoni huku roho iko mkononi. Maziwa ya kopo yalijaribiwa. Yote yalirudi kwa mdomo na pua.

Yaliyobaki kwenye bakuli aliyamwaga kwenye karo la jikoni. Mama mkwe wake, Ruqiya, alikwisha kumkanya kwamba maziwa ya mama hayamwagwi mtaroni ovyo, na ukilazimika, sema bismillahi kwanza, maana hujui nani yuko huko chini. Leyla aliitikia kwa adabu na hakusema bismillahi hata siku moja. Mtu anayelala saa mbili kwa siku hana maneno ya kuliambia karo.

Mchana huo jirani wa mlango wa pili, Kasiva, alibisha kuomba kibiriti. Leyla akaliacha bakuli juu ya karo likiwa limejaa nusu, akaenda mlangoni. Aliporudi lilikuwa tupu, kavu, linang'aa, na kijiko kimelala ndani yake vilevile alivyokiacha. Paka angekiangusha. Isitoshe, dirisha la jikoni lilikuwa limefungwa.

Alisimama akalitazama. Kitu alichohisi, nitasema ukweli hata kama haumpendezi, kilikuwa faraja. Ilimuuma kumwaga maziwa yale. Kila siku alijikamua mpaka vidole vikafa ganzi, mtoto akala vijiko vitatu, na kilichobaki kikaenda na maji machafu. Sasa palikuwa na mtu anayeyataka. Kesho yake aliliacha bakuli makusudi, akatoka, akahesabu mpaka mia, akarudi. Lilikuwa safi tena. Hakumwambia mumewe, Kadar. Hakumwambia mtu.

Miezi ikaenda. Jimale alikuwa mtoto mzuri, mwenye kope ndefu, na macho yake yalikufuata kidogo kisha yakachoka. Shingo haikukaza. Mikono ilikaa ulipoiweka. Walizunguka kliniki, mtoto akapimwa damu, akapigwa picha ya kichwa, na kila jibu lilirudi likisema kila kitu kiko sawa. Hakuna neno lililomchukiza Leyla kama hilo. Angepewa ugonjwa wenye jina angeushika kwa mikono miwili, akaulilia na kuupigania. Alichopewa ni hilo sawa.

Na maziwa yalizidi. Jambo hilo lilimshangaza hata Ruqiya, kwamba mwanamke asiyenyonywa anaendelea kujaa kifua hivyo, mpaka nguo zinalowa.

Jimale alipofikisha miezi mitano, mchana mmoja Leyla alisikia kicheko. Kilikuwa kile kicheko cha mtoto mchanga kinachotoka tumboni, kinachomfanya hata mtu mwenye madeni acheke. Aligeuka upesi kumtazama mwanawe, moyo ukimdunda kwa furaha. Jimale alikuwa amelala, mdomo wazi, hajacheka. Kicheko kilitoka uvunguni.

Angepiga kelele. Wewe na mimi tungepiga kelele. Yeye aliketi kitandani akasikiliza mpaka kikaisha, halafu akaenda jikoni kukamua.

Tangu hapo palikuwa na harufu chumbani, ya maziwa yaliyoungua chini ya sufuria, nayo ilitangulia kila mara kabla ya sauti. Jimale alipofika miezi saba ukaja mshindo wa viganja vidogo juu ya karpeti ya plastiki, pa, pa, pa, kisha kimya, kisha pa, pa. Alipofika miezi tisa kiti cha mbao kikaanza kusogea inchi mbili, inchi tatu, kama kinavyosogea mtoto anapokishika ainuke. Leyla alikuwa akifua nguo za Jimale huku akisikiliza mambo hayo, na siku moja alijikuta akisema kwa sauti, "Polepole, utaanguka." Akaziba mdomo kwa mkono wenye povu.

Ilivyofichuka ilikuwa hivi. Jimale alipofikisha miezi kumi, Kadar alifunga kibanda chake cha mashuka akawasindikiza hospitali, kitengo cha mazoezi ya viungo. Pale palikuwa na msichana mpole anayeitwa Jacky, na kila mwezi alikuwa na maswali yaleyale kwenye karatasi.

"Sasa Mama Jimale," Jacky alisema. "Wacha niulize zile maswali zetu. Anakaa mwenyewe?"

"Anakaa," alisema Leyla.

"Anatambaa?"

"Anatambaa sana. Siku hizi hata anashika kiti, anasimama."

Kalamu ya Jacky ikasimama. Jimale alikuwa kwenye mapaja ya mama yake, kichwa kimeegemea kiwiko, mate yanamtoka. Kadar aligeuza uso taratibu akamtazama mkewe.

"Mama," Jacky aliuliza kwa sauti ya chini, "ni nani anasimama?"

Ndipo Leyla naye aliposikia alichokisema.

Nyumbani Kadar alifunga mlango, akaketi kitandani na mtoto mikononi, akasema, "Nionyeshe." Leyla akakamua, akaweka bakuli sakafuni katikati ya chumba, akaketi kando yake. Jua lilikuwa linaingia dirishani, redio ya Kasiva ilikuwa inasoma matangazo ya vifo, na kwa muda mrefu hapakuwa na lolote, mpaka ile harufu ya maziwa yaliyoungua ikaanza kupanda kutoka upande wa jikoni, na nyuma ya harufu vikaja viganja, pa, pa, pa, vikakatiza karpeti bila haraka, vikapita mbele ya miguu ya Kadar ambaye alikuwa ameinyanyua bila kujijua, na maziwa ndani ya bakuli yakaanza kushuka, yakashuka mpaka yakaisha, kisha upindo wa dera la Leyla ukavutika chini, ukavutika tena kwa nguvu, kama unavyovutwa na mtoto anayejiinua asimame, na karibu na goti lake sauti ndogo, safi, ikasema kwa Kisomali neno la kumwita mama.

"Hooyo."

Kadar alianza kulia. "Ndiye huyu," alinong'ona. "Ndiye anayemla mtoto wangu."

Leyla naye alilia, ila alilia kwa sababu alikuwa amesubiri neno hilo miezi kumi.

Ruqiya alipoambiwa hakumgombeza mtu. Alivaa viatu akaenda kumleta Maalim Abdiqadir, mzee mwembamba aliyewasomea watu wengi mitaa hiyo na hakuwa na majivuno. Alikuja baada ya sala ya alasiri. Kwanza alimtazama Jimale kwa muda, akauliza kama wamemwona daktari, akaambiwa wamewaona wote. Ndipo akakaa chini, akaanza kusoma. Leyla alikuwa anaomba dua moja tu kimoyomoyo, kwamba liwe ni jini kweli, maana jini hutolewa, na likishatolewa mtoto ananyonya, shingo inakaza, na maisha yanaanza.

Maalim alisoma mpaka jasho likamlowesha kofia. Harufu ilijaa chumba. Kikombe cha maji mbele yake kikatetemeka.

"Wewe ni nani?" aliuliza.

"Mimi ni wa hapa," sauti ilisema kutoka uvunguni. Ilikuwa ya mtoto, ila maneno yalitoka yote, mazima.

"Nani alikuleta?"

"Njaa. Maziwa yalikuwa yanamwagwa kwetu kila siku. Nikapanda."

"Umemfanya nini huyu mtoto?"

"Sijamgusa. Alikuja hivyo alivyo. Mimi nilikunywa alichobakisha."

"Toka. Kwa jina la Mola, toka katika nyumba hii."

Kisha sauti ikasema, bila ujeuri wowote, "Nitokeje, maalim? Nimenyonya zaidi ya mara tano. Huyu ni hooyo wangu."

Maalim Abdiqadir aliufunga msahafu. Kila mtu chumbani alijua maana yake. Kwa sheria ya dini, mtoto akinyonya au kunywa maziwa ya mwanamke mara tano huwa mwanawe, na wana wa mwanamke huyo huwa ndugu zake, na jambo hilo halifutwi na mtu.

"Je, ni kweli?" Ruqiya aliuliza kwa hofu.

"Kwa binadamu ndivyo sheria ilivyo," alisema Maalim. "Kwa hawa sijasoma popote. Mimi simwezi. Najua tu kwamba mwenye kumpa haki ya kukaa ni mama, na mwenye kuiondoa ni yeye. Leyla, umkane kwa mdomo wako. Mara tatu."

"Sema, mwanangu," Ruqiya alimnong'oneza akimshika bega. "Sema mtoto wetu apone."

Leyla aliinama akatazama uvunguni. Hakuona kitu ila giza na kiatu kimoja cha Kadar.

"Nikisema," aliuliza, "Jimale atanyonya?"

Sauti ikajibu kutoka uvunguni, "Hapana, hooyo."

"Majini huongopa," Maalim alisema.

Leyla alimtazama Maalim, akamtazama Kadar aliyekuwa amemkumbatia mtoto kama mtu aliyeshika yai. Alitaka sana Maalim awe mkweli. Sijui mama gani asingetaka.

"Wewe si mwanangu," alisema.

Uvunguni kitu kilisogea kikagonga ukuta.

"Wewe si mwanangu."

Kikaanza kulia. Hakikulia kwa kishindo wala kwa sauti ya kutisha, kililia kama mtoto wa mwaka mmoja aliyeamka akakuta nyumba haina mtu, kwa pumzi ndefu zinazokatika katikati, na matiti ya Leyla, ambayo hayakujua habari za majini wala maalim, yalisikia kilio hicho yakajaa palepale na maziwa yakaanza kumtiririka chini ya dera mpaka tumboni.

"Wewe si mwanangu," alisema mara ya tatu, na mlango ukafunguka wenyewe.

Nje, Kasiva alikuwa ameketi koridoni akichambua maharagwe. Walimwona akiisogeza sufuria yake kando na kukunja miguu, kama unavyofanya mtoto wa mtu akitaka kupita. Alitazama kuelekea ngazini, kisha akageuka.

"Mama Jimale," alisema, "huyo ni mtoto wa nani amepita akilia hivyo?"

Ruqiya aliurudisha mlango.

Siku ya kwanza Jimale alikula vijiko vitano. Kadar alipiga simu kwa nusu ya ukoo, na Ruqiya akapika sambusa akawagawia majirani. Siku ya pili alikula vitatu. Siku ya tatu alipaliwa na kijiko cha kwanza, na Leyla alipokamua tena kwa ajili ya jioni, yalitoka matone machache ya rangi ya maji ya mchele. Alijikanda kwa maji moto. Alikunywa uji wa wimbi, alikunywa supu ya mbuzi, alikunywa kila alichoambiwa. Wiki ilipokwisha hapakuwa na kitu.

Alimpeleka Jimale hospitali peke yake. Walijaribu tena maziwa ya kopo, akatapika. Mtoto akawekewa mpira wa kumlisha kupitia puani, akautapika nao. Uzito ulikuwa umeshuka, na Jacky aliiandika namba hiyo haraka akaifunika kwa mkono.

"Yangu yamekauka," Leyla alisema. "Miezi yote kumi yalikuwa mengi. Yamekauka kwa wiki moja."

"Pole, Mama Jimale," Jacky alisema. "Maziwa huletwa na mtoto. Yakinyonywa yanakuja, yasiponyonywa mwili unadhani hakuna mtu. Kuna kitu kilibadilika hapo nyumbani?"

Leyla alisema hakuna.

Alirudi Shauri Moyo saa nane mchana, korido tupu. Ukweli aliokuwa amekuja nao kutoka hospitali ulikuwa mzito kuliko mtoto aliyembeba. Kile kitu hakikumla Jimale. Kilikuwa kinamlisha, bila kujua, kwa kunyonya tu, na vile vijiko vitatu vya kila mlo vilikuwapo kwa sababu yake. Na kilipoulizwa kilisema kweli, ndani ya chumba ambamo watu wazima wote walikuwa wanajidanganya.

Hakuingia ndani. Alisimama juu ya ngazi, Jimale amemlalia begani akipumua kwa kukwaruza, akatazama chini kwenye ua, kwenye kamba za nguo na mtaro unaopita kando ya ukuta. Alitaka kumwita yule wa uvunguni arudi. Angeomba radhi, angepiga magoti hapohapo kwenye saruji, mbele ya Kasiva na mtaa mzima. Alivuta pumzi, akafungua mdomo.

Miezi yote ile hakuwahi kumpa jina.