Pikapu ya Randa na Kilima cha Shule

Randa alikuwa fundi seremala. Watu walimpa jina hilo kwa sababu randa haikumtoka mkononi. Mkewe alishona makochi. Karakana yao ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba. Huku msumeno ukilia, huku cherehani ikigonga. Vumbi la mbao liliingia hata kwenye kopo la sukari.

Walikuwa na tela la chuma lenye magurudumu mawili. Gari la kulivuta hawakuwa nalo. Kila walipopeleka mzigo, walikodi gari la mtu.

"Tununue letu," mkewe alisema siku moja. "Lakini kwanza muulize Bi Dereva."

Bi Dereva alikuwa jirani yao. Alikuwa ameendesha malori miaka thelathini kabla ya kustaafu. Sasa alikuwa na pikapu kuukuu ya dizeli. Kila asubuhi ilinguruma mpaka madirisha yakatetemeka, na Randa aliicheka.

"Gari lako linakohoa, mama! Lipeleke hospitali!"

"Likipona litakuchukua wewe," Bi Dereva alijibu, na wote wakacheka.

Randa hakwenda kumuuliza. Alijiambia: mwanamume mzima, fundi mwenye jina, nikafundishwe magari na mwanamke? Alikwenda peke yake mahali yanapouzwa magari. Akaona pikapu nyeupe ya petroli. Ilikuwa safi, na injini yake haikusikika. Bei yake ilikuwa chini kuliko ya dizeli. Akainunua siku hiyo hiyo.

"Bi Dereva alisemaje?" mkewe aliuliza.

"Alisema ni chuma hasa. Alisema nisichelewe, wasije wengine wakaiwahi."

Ulikuwa uongo. Ulimtoka kwa urahisi zaidi kuliko alivyotazamia.

Miezi miwili mambo yalikwenda vizuri. Leo viti sita, kesho meza moja. Barabara za mjini ni tambarare, na pikapu iliteleza tu. Randa alianza kuiegesha nje ya karakana ili wapita njia waione.

Kisha wakapata kazi kubwa. Shule iliyo juu ya kilima iliagiza madawati arobaini. Siku ya kuyapeleka ilifika, na kesho yake asubuhi wanafunzi wa darasa la mwisho wangefanya mtihani. Randa alipakia madawati yote arobaini kwa pamoja. Akayarundika zaidi upande wa nyuma wa tela, kwa kuwa huko ndiko yalikoingia kwa urahisi.

"Huu mzigo si mkubwa mno?" mkewe aliuliza. "Twende safari mbili."

"Gari lina nguvu hili. Wewe panda."

Chini ya kilima pikapu ilianza kulalamika. Randa alikanyaga mafuta. Injini ilipiga kelele, lakini mwendo ulizidi kupungua. Mshale wa joto ulipanda. Katikati ya kilima mvuke ukatoka mbele, na injini ikazimika.

Randa alikanyaga breki kwa nguvu zote. Breki za pikapu hazikutosha. Tela halikuwa na breki zake, na uzito wake uliwavuta wote nyuma. Tela likapinda na kuingia mtaroni. Madawati yakamwagika barabarani kwa kishindo.

Hakuna aliyeumia. Lakini watu walitoka majumbani kutazama. Mmoja akauliza, "Si ndiyo ile pikapu mpya?" Randa alitamani ardhi ipasuke immeze.

Mkewe alimpigia simu Bi Dereva. Haukupita muda, ile dizeli kuukuu ikapanda kilima ikinguruma. Bi Dereva alishuka, akaweka mawe nyuma ya magurudumu, kisha akalizunguka tela.

"Poleni sana," alisema.

"Ahsante, mama," mkewe Randa alijibu. "Lakini nashangaa. Si wewe uliyesema gari hili ni chuma hasa?"

Bi Dereva aligeuka. Akamtazama Randa. Randa alitazama viatu vyake. Masikio yalimwaka moto.

"Tupandishe mzigo kwanza," Bi Dereva alisema. "Maneno yatafuata."

Majirani walisaidia kulitoa tela mtaroni. Bi Dereva alilifunga kwenye gari lake. "Madawati kumi na saba sasa, na kumi na saba tena," alisema. "Sita yamevunjika, hayo yabaki." Akapanda polepole kwa gia ndogo. Safari mbili, madawati thelathini na manne yakafika. Yale sita majirani waliyabeba kwa mikono hadi shuleni giza likiingia.

Asubuhi Randa alikwenda shuleni na nyundo na misumari ili atengeneze yale sita. Mwalimu mkuu alimkuta mlangoni.

"Fundi, ngoja kwanza. Wameshaanza. Ukigonga utawasumbua."

Randa alichungulia dirishani. Wanafunzi sita walikuwa wamekaa sakafuni. Karatasi zao zilikuwa juu ya magoti. Msichana mmoja alijaribu kuandika akiwa amepiga magoti, kisha akakaa, kisha akapiga magoti tena. Randa alisimama pale na nyundo mkononi. Hakuweza kuitumia. Hakuweza kuondoka pia. Alisubiri mpaka mtihani ukaisha, ndipo akagonga.

Aliporudi nyumbani alimkuta mkewe akikata kitambaa.

"Sikumuuliza Bi Dereva," alisema.

"Najua."

"Ulijuaje?"

"Nilimwona alivyokutazama pale kilimani." Mkewe aliweka mkasi chini. "Gari bovu tungelivumilia. Lakini ulichukua maneno ambayo mtu hakuyasema, ukayatia mdomoni mwake. Nikamsuta mbele ya watu kwa jambo asilolijua. Aibu yako umenivika na mimi."

"Kesho twende kwake," Randa alisema.

Siku iliyofuata walikwenda pamoja kwa Bi Dereva. Alikuwa akibadilisha chujio la mafuta la gari lake.

"Nilikusingizia, mama," Randa alisema. "Naomba unisamehe. Nilikucheka, nikaona haya kukuuliza."

"Ungeona haya siku moja tu, yakaisha," Bi Dereva alisema. "Sasa umeyaona mbele ya kilima kizima." Kisha akacheka kidogo. "Nimekusamehe. Kaeni."

"Kwa hiyo petroli ni mbaya?" mkewe Randa aliuliza.

"Hapana. Kila chombo na kazi yake. Injini ya petroli ni nyepesi. Kununua ni nafuu, na matengenezo yake mara nyingi ni nafuu. Kwa mizigo midogo na safari fupi za tambarare inafaa sana. Lakini ili ivute mzigo mzito lazima izunguke kwa kasi. Kilimani inakunywa mafuta mengi, na ukiilazimisha inachemka."

"Na dizeli?"

"Dizeli ina nguvu hata ikizunguka polepole. Ndiyo maana inafaa kuvuta mizigo mizito, vilima na safari ndefu, na haili mafuta mengi. Lakini bei yake ni kubwa, na ukiisahau itakutia hasara. Chujio lazima libadilishwe kwa wakati. Na dizeli za kisasa hazipendi safari fupi fupi kila siku. Chujio lililo kwenye bomba la moshi huziba kwa masizi. Sasa niambie, unavuta mzigo mzito mara ngapi?"

Randa alitaka kusema kila siku. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Akalimeza.

"Mara mbili kwa wiki," alisema. "Siku hizi karibu zote ni vijijini, huko kwenye vilima."

"Basi dizeli itakufaa. Lakini dizeli peke yake haitakuokoa. Kila gari lina kiwango cha uzito wa kuvuta. Kimeandikwa kwenye kitabu chake. Pima mzigo, usikisie. Tela lenye mzigo mzito liwe na breki zake. Na mzigo usirundikwe nyuma. Sehemu kubwa kidogo iwe mbele ya magurudumu ya tela, la sivyo litayumba."

Randa aliiuza ile pikapu, akamweleza mnunuzi wazi kwamba iliwahi kuchemka. Wakanunua ya dizeli, iliyotumika lakini imara, baada ya Bi Dereva kuikagua. Tela likawekewa breki. Tangu hapo wamepanda vilima vingi, na hakuna mzigo uliofika umechelewa wala umevunjika.

Juzi mama mmoja anayeuza maua alikuja karakanani. Alitaka gari la kuvuta tela dogo la miche, hapa hapa mjini.

"Nasikia dizeli ndiyo gari la kazi," alisema. "Ninunue dizeli?"

Karakana ilikuwa imejaa wateja. Mkewe Randa aliinua macho kutoka kwenye cherehani.

"Miche ni myepesi, na njia yako ni tambarare," Randa alisema. "Petroli inakutosha. Lakini angalia kitabu cha gari kwanza."

"Wewe umejulia wapi haya?"

Wateja wote waligeuka kumsikiliza. Masikio ya Randa yalianza kuwaka tena. Akaweka randa chini.

"Nilimdanganya mke wangu," alisema, "na watoto sita wakafanya mtihani sakafuni. Kaa, nikueleze."