Ukuta Unaokunywa na Ukuta Unaotoka Jasho

Kinyozi alikuwa na dawa moja tu ya kila ugonjwa wa ukuta: rangi. Doa likitokea, anapaka. Likirudi, anapaka tena, huku akiligombeza kama mtoto mtundu. "Haya, toka tena nikuone!" Doa halikuwa na masikio. Lilitoka.

Nyumba yao ilikuwa ndogo. Kibarazani, mbele kabisa, Kinyozi alipanga kiti chake cha kazi, kioo, na benchi la wateja. Sebuleni palikaa cherehani ya mkewe, ambaye ni mshonaji. Chumba cha pembeni alilala Bibi, mama yake Kinyozi. Alihamia kwao baada ya kufiwa na mumewe, na tangu siku hiyo nyumba ilichangamka. Bibi na mkwewe walianza kutaniana tangu chai ya asubuhi.

"Mama, sukari hiyo ni ya nyumba nzima," mshonaji alimwambia.

"Na mimi si nyumba nzima? Hebu tazama upana wangu!"

Lakini tangu mvua zianze, Bibi alikuwa anakohoa. Alikohoa zaidi asubuhi, akitoka chumbani. Akikaa kibarazani kifua kinatulia. Akirudi kulala, kinaanza upya. Wakampeleka zahanati. Alipimwa vizuri. Hakukutwa na kifua kikuu wala homa ya mapafu. Daktari akampa dawa ya kutuliza kifua, kisha akauliza jambo ambalo hawakulitegemea.

"Chumba anacholala kikoje? Kina unyevu? Kuta zina kuvu?"

"Hapana," mshonaji alijibu haraka. Haraka mno.

Njiani hakuna aliyetania. Walipofika nyumbani, Bibi aliingia chumbani akaanza kupanga nguo kwenye begi.

"Jumamosi naenda kwa mdogo wako," alimwambia Kinyozi. "Hapa nimekaa vya kutosha."

"Mama, kuna mtu amekuudhi?"

"Nani aniudhi? Kifua changu kimeamua kusafiri, nami nakifuata."

Kinyozi akacheka kidogo. Mshonaji hakucheka. Alimpenda yule mama. Tena alijua majirani watasema nini: mkwe amemfukuza mama wa watu. Na kulikuwa na kitu kingine alichokijua yeye peke yake.

Jioni alikwenda kwa jirani. Jirani huyu alikuwa mwanamke fundi mwashi, na mtaa mzima ulimwita Lipu, kwa sababu viwiko vyake havikukosa lipu hata siku za mapumziko.

"Lipu, nina jambo. Usinicheke."

"Siahidi," alisema Lipu. "Sema."

"Kabla mama hajahamia, kona ya chumba kile ilikuwa na madoa meusi. Niliona aibu. Mama mkwe anakuja, anakuta ukuta mchafu! Nikasukuma kabati likafunika ile kona. Daktari ameuliza, nikamdanganya."

Lipu alicheka, lakini kwa upole. "Wewe umelitunza lile doa, shoga yangu. Umelipa giza, umelizibia upepo. Bado kulipelekea chai tu. Twende."

Walimkuta Bibi amekaa kitandani, begi miguuni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umekuja kuniaga?"

"Nimekuja kulisalimia kabati lako."

Mshonaji akavuta pumzi, akasema yote: doa, aibu, kabati, na uongo wa zahanati. Bibi alimsikiliza, kisha akatikisa kichwa.

"Kwa hiyo nimelala na mgeni chumbani miezi yote hii, na hamkututambulisha!"

Kinyozi akaitwa, akashika kabati pamoja na Lipu, kila mmoja upande wake. Wakavuta. Hapo ndipo kamba ilipokatika.

Hakuna aliyejua kwamba kuna kamba, isipokuwa Bibi. Ilifungwa kwenye mguu wa kabati, ikapita nyuma ya pazia, ikaishia kwenye msumari wa dirisha. Pazia lilianguka. Nguo za ndani za Bibi zilizokuwa zimeanikwa nyuma yake zikamwagika chini zote, zinachuruzika maji. Kinyozi aligeuka akaanza kuitazama dari kwa bidii, kama mtu anayetafuta nyota.

"Toka nje wewe!" Bibi alimfokea mwanawe. Akatoka mbio.

Bibi akazikusanya nguo zake. Alikuwa karibu kulia.

"Mama, kwa nini huzianiki nje kwenye kamba?" mshonaji aliuliza taratibu.

"Kamba yenu iko mbele ya benchi la wateja! Wanaume wamekaa pale tangu asubuhi wanasubiri kunyolewa. Nianike nguo zangu wazipigie gumzo? Afadhali zikaukie humu, na dirisha nifunge, wasichungulie."

Mshonaji alikaa kando yake. Hakuwa na utani. "Pole, mama. Hata siku moja sikufikiria hilo."

Lipu alisogelea kona. Nyuma ya kabati ukuta ulikuwa na madoa meusi, kama mtu amemwaga masizi. Chini, ukuta wa upande wa pili ulikuwa na ugonjwa wa sura nyingine. Rangi ilikuwa imevimba na kubanduka hadi usawa wa goti. Unga mweupe kama chumvi ulikuwa umetoka kwenye lipu.

"Huu si unyevu mmoja," alisema. "Ukuta unaweza kutoka jasho. Unaweza kunywa maji ya ardhini. Unaweza pia kunyeshewa, maji yakipenya kutoka juu au kwenye ufa. Wakati mwingine ni bomba linavuja ndani. Kila mmoja una dawa yake."

"Na rangi?" Kinyozi aliuliza kutoka mlangoni.

"Rangi ni poda. Ukimpaka mgonjwa poda, anapona?"

Lipu alikata vipande viwili vya nailoni. Alifuta ukuta kwa kitambaa hadi ukakauka juu juu. Akabandika kipande kimoja pale kwenye madoa meusi, na kingine chini kwenye chumvi. Alivifunga kwa selotepu pande zote, pasipite hewa.

"Bibi, nipe siku mbili. Usihame kabla ukuta haujasema. Siku hizi mbili ulale sebuleni, lakini nguo mbichi zibaki humu na dirisha lifungwe kama kawaida yako."

"Na kelele za cherehani?"

"Ukikohoa, itakusindikiza," mshonaji alisema. Bibi akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Siku ya pili walirudi wote chumbani. Nailoni ya kona ilikuwa na matone upande wa chumbani. Nyuma yake, upande wa ukuta, ilikuwa kavu.

"Haya maji yametoka hewani," Lipu alieleza. "Nguo mbichi zinatoa mvuke. Hata pumzi ya mtu aliyelala inatoa mvuke. Dirisha likifungwa, mvuke unakosa pa kwenda. Unagusa ukuta wa baridi, unakuwa matone. Ni kama mfuniko wa sufuria. Na nyuma ya kabati hakuna upepo wa kukausha. Hilo ndilo jasho."

Nailoni ya chini ilikuwa kinyume chake. Mbele kavu, nyuma imelowa chapachapa.

"Huyu anakunywa. Twende nje tuone anakunywa nini."

Nje, kwenye ukuta uleule, kulikuwa na bustani ya mboga ya Kinyozi. Aliipenda kuliko mkasi wake. Alikuwa amerundika udongo na samadi hadi juu ya msingi, na kila jioni aliumwagilia maji.

Lipu aliutazama udongo. Akamtazama Kinyozi. Kinyozi akatazama viatu vyake.

"Mafundi wakijenga, wanaweka nailoni nzito juu ya msingi," Lipu alisema. "Kazi yake ni kuzuia maji ya ardhini yasipande. Udongo wako umeiruka ile nailoni, umeegemea ukuta wenyewe. Kila jioni unamnyweshea mama yako ukuta."

"Kumbe ni mimi?"

"Ni wewe, na kabati, na kamba. Mmejitahidi kwa umoja."

Kazi ilianza siku hiyohiyo. Bibi alibaki kibarazani, kwa sababu vumbi la kuvu si zuri kwa kifua kibovu. Mshonaji alijifunga kitambaa puani na mdomoni, akavaa glavu, akafungua dirisha wazi. Alisugua kona kwa maji na sabuni, akaifuta ikakauka.

"Usikwangue kuvu likiwa kavu, litapeperuka ulivute," Lipu alimwonya. "Na madawa ya kusafishia usiyachanganye. Mengine yakikutana yanatoa hewa ya sumu."

Kabati lilirudi, lakini liliachwa mbali na ukuta kiasi cha mkono kupita. Kinyozi alihamisha bustani yake tuta kwa tuta, akiomboleza kama aliyefiwa. Udongo ulishuka hadi chini kabisa ya ile nailoni ya msingi. Lipu alibomoa lipu yenye chumvi, akapanda hadi juu kidogo ya pale doa lilipofika.

"Sasa unapiga lipu mpya?" Kinyozi aliuliza.

"Sasa tunasubiri. Ukuta ulikunywa taratibu, utakauka taratibu. Ukiufunika ukiwa mbichi, chumvi itarudi kukusalimia. Na ukifika wakati wa kupaka, weka mbali hiyo rangi yako ya mafuta. Inauziba ukuta pumzi. Chokaa inatosha."

"Na lile doa la dari sebuleni? Lina rangi ya chai."

"Linakua lini?"

"Mvua ikinyesha. Kiangazi linatulia."

"Basi umejijibu." Lipu alipanda ngazi, akachungulia gata, ule mfereji wa bati unaokinga maji ya paa. Ulikuwa umejaa majani. Maji yalikosa njia, yakarudi ndani. Aliyatoa majani kwa mikono, akamrushia Kinyozi moja kichwani. "Mteja wako huyu, mnyoe."

Kamba ya nguo nayo ilihama. Kinyozi aliifunga nyuma ya nyumba, penye jua. Mshonaji akashona pazia pana la kitambaa kizito, likatundikwa upande wa njia. Bibi alizunguka pazia lile mara kadhaa. Alichungulia kulia, akachungulia kushoto.

"Hata jua lenyewe linaomba ruhusa," alisema. Akaanika nguo zake zote.

Siku ya Jumamosi ilifika. Begi lilikuwa bado limefungwa. Bibi alilitazama, akatazama dirisha lililofunguliwa, akasema atasubiri kidogo aone. Begi likakaa. Kila asubuhi alifungua dirisha na mlango, upepo ukapita. Mvua ikinyesha upande ule alifunga, ikikatika alifungua tena. Kikohozi kilipungua kidogokidogo. Begi likafunguliwa kutolewa kitenge. Kesho yake likatolewa sweta. Mwisho mshonaji aliliona juu ya kabati, tupu, limekunjwa. Alimwongezea Bibi sukari kwenye chai.

Kiangazi kilipokuja, Lipu alibandika tena nailoni ukutani. Ilitoka kavu mbele na nyuma. Akapiga lipu mpya. Nayo ilipokauka, alimwita Kinyozi, akamkabidhi ndoo ya chokaa.

"Sasa paka."

Kinyozi alipaka huku akiimba. Hakukuwa na doa la kugombeza.

Alikuwa bado juu ya stuli simu ilipolia. Aliyepiga alikuwa mdogo wake. Bibi akaichukua.

"Mama, tumekusubiri sana! Chumba chako tumekitayarisha, kizuri kabisa. Unakuja lini?"

"Nitakuja kuwatembelea, mwanangu, kisha nirudi kwangu hapa," alisema Bibi. Mshonaji alisimamisha cherehani asikie vizuri. "Lakini kwanza niambie ukweli. Kabati mmeliweka wapi?"

"Kwenye kona, mama. Limebanwa ukutani."

"Nilijua," alisema Bibi. "Livute. Halafu utafute kipande cha nailoni."