Uso Ndani ya Daftari

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Mbelu alichota maji. Zamani kazi hiyo ilikuwa nyepesi, kwa sababu bomba lilikuwa mbele ya kanisa, hatua chache tu kutoka nyumbani. Lakini tangu wezi walipokata waya wa umeme wa pampu ya mtaa, bomba lilikauka. Wanawake na watoto wakawa wanapanda hadi kisima cha kando ya barabara kubwa, ambako malori ya madini hupita mchana kutwa yakitimua vumbi jekundu. Mbelu alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu. Akishatua bidoni yake ya maji, alimsaidia mama yake, Mama Kapinga, kubeba beseni la unga wa mahindi hadi soko la Manika, kisha akakimbilia shuleni.

Wizi ule uliwachosha watu. Waya mpya ulipofungwa, nao uliibwa. Chifu wa mtaa akatangaza kwamba kila mtu mzima atembee na kadi yake ya mpiga kura, ile ambayo wengi huitumia kama kitambulisho. Vijana wa ulinzi wakaweka kizuizi kwenye barabara ya kwenda mji wa Fungurume. Asiyekuwa na kadi alishikwa na kuwekwa ndani.

Shuleni nako habari ilikuwa hiyo hiyo. Mwalimu wao, Madame Huguette, aliwapa wanafunzi mjadala: je, kila mtu akilazimishwa kuwa na kitambulisho cha taifa, uhalifu utapungua? Mbelu angetetea ndiyo. Glodi, mvulana mwenye maneno mengi kuliko wote darasani, angetetea hapana. Siku ya mjadala ingekuwa Alhamisi.

Jumatatu, akitoka sokoni, Mbelu aliona kitu kikimetameta kwenye pumba, karibu na mashine ya kusaga. Ilikuwa kadi. Aliifuta kwa kidole, na uso wa mwanamume ukamtazama. Alikuwa na kovu juu ya nyusi na macho makubwa yasiyocheka. Mbelu alimtambua mara moja. Alikuwa Tata Swedi, mshonaji aliyekaa na cherehani yake kwenye pembe ya soko, akiwashonea wachimbaji magunia yaliyochanika. Alitoka Maniema, na hapa Kolwezi hakuwa na ndugu.

Pembe ile haikuwa mbali. Mbelu angeweza kufika akihesabu hadi hamsini. Lakini aliuwaza mjadala, akajiona amesimama mbele ya darasa na kadi ya kweli mkononi. "Nitamrudishia Alhamisi," alijiambia, akaitia ndani ya daftari la Kifaransa.

Jumanne asubuhi, Tata Swedi alipita kwenye meza za wauza unga, moja baada ya nyingine. Alipofika kwa Mama Kapinga, aliinama.

"Mama, niko natafuta karte yangu. Hamkuiona?"

"Hapana, tata. Pole."

Akamgeukia Mbelu. "Na wewe, mutoto wangu?"

"Hapana, Tata Swedi," Mbelu alijibu, akimtazama usoni.

Alhamisi ikafika. Mbelu alisema vizuri kuliko siku zote. "Mwizi anapenda kukosa jina! Kila mtu akiwa na kadi, mwizi atajificha wapi? Asiye na kadi ana jambo analolificha!"

Glodi akasimama. "Na mwizi akiwa na kadi? Itapiga kelele mfukoni mwake?"

Darasa likacheka. Hapo Mbelu akaichomoa kadi na kuinyanyua juu. "Mtu huyu hana cha kuogopa," alisema. "Jina lake hili hapa, na uso wake huu hapa." Wanafunzi wakapiga makofi.

"Ni ya nani hiyo?" aliuliza Madame Huguette.

"Ya mjomba wangu, Madame."

Alirudi nyumbani akiwa mwepesi kama unyoya. Alimkuta Mama Kapinga amekaa mlangoni, hajavua hata kitambaa cha kichwa.

"Wamemkamata Tata Swedi," mama alisema. "Jana dada yake Mwamini alimpigia simu kutoka Fungurume, anakoishi na mama yao, kwamba mama amezidiwa sana. Leo asubuhi akapanda pikipiki ya taxi-moto aende, wakamshusha kwenye kizuizi. Hana kadi. Wanasema ndiye mwizi wa waya."

Mbelu alitaka kusema, lakini aliwaza chifu, vijana wa ulinzi, na uongo alioutoa mbele ya darasa zima. Akaingia ndani.

Tangu saa hiyo, uso ule haukumwacha. Ijumaa alifungua daftari la Kifaransa, na macho yale yalikuwa yanamngoja. Aliigeuza kadi iangalie chini. Akaihamishia katika daftari la hesabu, kisha chini ya godoro, na bado alijua inatazama upande gani. Alipopepeta unga, aliona macho mawili yakitokea kwenye ule weupe. Sokoni, cherehani ya Tata Swedi ilikuwa imefunikwa gunia, na wanawake walikuwa wamesogeza meza zao mbali na pembe ile. Mchana, jua likiwa utosini, Mbelu alisikia cherehani ikikimbia: tri-tri-tri-tri. Aligeuka. Hakukuwa na mtu, na gunia halikutikisika.

"Mama, umesikia?"

"Nini?"

"Hakuna kitu, mama."

Jumamosi mwizi alikamatwa kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, waya wa pampu ukiwa umezungushwa tumboni mwake chini ya koti. Alikuwa mkazi wa mtaa huo huo. Mfukoni alikuwa na kadi yake, safi kabisa. Asubuhi na jioni alikuwa akiionyesha pale kwenye kizuizi, na vijana wa ulinzi walikuwa wakimsalimu kwa jina.

"Basi watamtoa Tata Swedi?" Mbelu aliuliza haraka.

Mama Kapinga akatikisa kichwa. "Chifu anasema labda walikuwa wanaiba pamoja. Mgeni, hana kadi, nani atasema anamjua?"

Jumapili kanisani, watu walisimama kuwaombea wagonjwa na wafungwa. Mbelu alifumba macho, na uso ukaja karibu zaidi kuliko siku zote, mpaka akaona kovu lenyewe. Alimvuta mama yake mkono hadi nje ya kanisa na kumwambia yote, tangu pumba za Jumatatu mpaka uongo wa mjomba.

Mama Kapinga hakumpiga. Alisema tu, "Nenda kailete."

Walikwenda moja kwa moja kwa chifu. Mbelu alisema mwenyewe, na chifu aliishika kadi kama mtu aliyeshikishwa kaa la moto. Mlango wa chuma nyuma ya ofisi ukafunguliwa. Tata Swedi alitoka akikunja macho kwa sababu ya mwanga. Alikuwa amekonda, na ndevu zilikuwa zimemjaa mashavuni. Kitu cha kwanza alichoomba ni simu. Mama Kapinga akampa yake.

Alisikiliza kwa muda mfupi tu. Kisha akakaa kwenye ngazi.

"Wamemzika jana," alisema.

Mbelu akapiga magoti kwenye vumbi. "Tata Swedi, nisamehe. Mi ndiye nilikuwa nayo."

"Nilikuuliza," alisema polepole. "Ukanitazama, ukasema hapana."

"Ndiyo, tata."

"Mwamini anasema mama alikuwa ananiita. Kila pikipiki ikipita, anauliza kama ni mimi." Hakupaza sauti, wala hakulia. Aliinuka, akajifuta suruali. "Nitakusamehe, mutoto wangu. Lakini si leo."

Akapanda taxi-moto kwenda Fungurume kulisalimia kaburi. Wiki hiyo waya ulirudishwa na maji yakatoka tena mbele ya kanisa. Chifu aliwaonya vijana wake kwamba yeyote asiye na kadi asifungiwe kabla majirani zake hawajaulizwa.

Jumatatu, Mbelu aliomba ruhusa ya kusimama mbele ya darasa. Alieleza kila kitu, na alipofika kwenye habari ya mazishi, hata Glodi aliinamisha kichwa. Baadaye mvulana huyo akauliza kwa sauti ya chini, "Madame, basi nani alishinda mjadala?"

Madame Huguette aliweka chaki mezani.

"Kadi inasaidia," alisema. "Inamwambia askari kwamba mtu huyu ni nani. Haimwambii amefanya nini. Hilo linajulikana watu wanapokubali kusema walichokiona, na wasipokubali, hata mtaa mzima ukiwa na kadi, asiye na hatia atafungwa na mwizi atapita akisalimiwa." Akamtazama Mbelu, bila ukali. "Umefanya vema kusema, na najua haikuwa rahisi. Lakini sikilizeni, wote. Ukweli alioutoa Mbelu Jumapili ni uleule aliokuwa nao Jumanne. Wa Jumapili ulimtoa mtu kifungoni. Wa Jumanne ungemfikisha kwa mama yake."